Mwaka wa kwanza wa mtoto: Fungu la mama litangulie

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W), Mwenye kumruzuku kila kiumbe alichokiumba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kulizungumza jambo linalozigusa nyumba nyingi za Waislamu, ingawa mara nyingi huzungumzwa kwa minong'ono baina ya mume na mke taa ikishazimwa. Jambo lenyewe ni gharama za mwaka wa kwanza wa mtoto mchanga.

Hapana shaka kuwa mtoto ni neema. Hata hivyo, neema hiyo huingia nyumbani pamoja na mahitaji yake. Baba aliyezoea kuacha fedha ya matumizi kwa ajili ya watu wawili hujikuta akiulizwa habari za sabuni, nauli ya kliniki, nepi, supu ya mzazi na mbuzi wa akika, yote katika mwezi mmoja. Mama ambaye jana alikuwa akichoma vitumbua alfajiri au akiuza duka, leo yupo ndani na kichanga mikononi. Kwa maneno mengine, pato la nyumba hupungua wakati ule ule ambapo matumizi yake yanaongezeka.

Katika hali hiyo wazazi wengi hushika moja kati ya njia mbili. Wapo wanaokopa ili wasionekane wameshindwa. Wapo pia wanaobana matumizi, na tukichunguza tutaona kwamba kinachobanwa mwanzo ni sahani ya mama: kitoweo kinapungua, chai ya asubuhi inabaki kavu, matunda yanafutwa kabisa. Baba hufanya hivyo kwa nia njema, akidhani kuwa anamwekea mtoto akiba. Lakini mtoto huyo hana chakula kingine isipokuwa kile kinachotoka kwa mama yake.

Hoja yetu katika makala haya ni kwamba, katika mwaka wa kwanza, matumizi ya mama anayenyonyesha ndiyo matumizi ya mtoto. Fungu lake linapaswa kutengwa mwanzo, na mengine yote yapangwe kwa kile kinachobaki.

Nafaka ya mama katika Qur'an

Mwenye kutaka kujua ni wapi Uislamu umeiweka gharama ya mtoto mchanga, na aisome Surat Al-Baqara, aya ya 233. Aya hiyo inataja kunyonyesha kwa muda wa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza, kisha papo hapo inamgeukia baba na kumbebesha jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa namna inayokubalika katika ada njema. Tuzingatie mpangilio huo. Palipotajwa maziwa ya mtoto, pametajwa pia chakula cha anayeyatoa.

Aidha, aya hiyo imeweka mpaka pande zote mbili. Hakuna anayebebeshwa zaidi ya uwezo wake, wala mzazi yeyote, awe mama au baba, hatakiwi kuletewa madhara kwa sababu ya mtoto wake. Kwa hiyo mume hana ruhusa ya kumnyima mkewe kwa kisingizio kwamba kuna mtoto, na mke naye hana haki ya kumdai mume mambo ambayo mfuko wake hauyawezi ati kwa kuwa mtoto wa jirani anayo. Surat At-Talaq, aya ya 7, inalikazia jambo hili kwa kubainisha kuwa mwenye wasaa atatoa kwa kipimo cha wasaa wake, na aliyebanwa atatoa katika kile alichojaaliwa.

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Hind binti Utba alimshitakia Mtume (S.A.W) kuwa mumewe, Abu Sufyan, hampi matumizi yanayomtosha yeye na mwanawe. Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi kitakachowatosha kwa wema. Hapo pia tunaona kwamba mama na mtoto wametajwa katika fungu moja.

Kisa cha Khalifa Umar na mtoto aliyelia

Umar bin Khattab (R.A) aliongoza Waislamu kuanzia mwaka 634 hadi 644 Miladia. Katika zama zake Baitul Mali ilikuwa ikitoa posho kwa watu, na kwa upande wa watoto, posho hiyo ilianza kutolewa mtoto anapoachishwa ziwa. Huenda waliouweka utaratibu huo waliona kuwa mtoto anayenyonya hana gharama.

Wanahistoria, akiwemo Ibn Saad, wanasimulia kwamba usiku mmoja ulifika Madina msafara wa wafanyabiashara, na Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake na kumtaka amwangalie mwanawe vyema. Baada ya muda kilio kikarudi, naye akarudi tena kwa yule mama, mpaka mwisho wa usiku. Alipomuuliza kwa nini mtoto hatulii, mama, pasipo kumtambua aliyekuwa akizungumza naye, alimweleza kuwa anamlazimisha kuacha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa.

Inasimuliwa kuwa Umar alisalisha Alfajiri siku ile huku watu hawaisikii vizuri kisomo chake kwa wingi wa kilio. Alihofia ni watoto wangapi wa Waislamu waliodhurika kwa utaratibu ule. Kisha akaamuru itangazwe kwamba mama wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa, na kwamba tangu siku hiyo kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atapata posho. Amri hiyo ikaandikwa na kupelekwa majimboni.

Ndugu msomaji, kisa hiki kina mafunzo makubwa kwa nyumba zetu. Mama yule hakuwa mkatili, na Umar hakuwa na nia mbaya. Fedha ilikuwepo, ila iliwekwa mahali pasipo pake, na matokeo yake ni mtoto kuondolewa maziwa kinywani. Nyumba inayotenga fedha ya sherehe kabla ya chakula cha mama nayo inapanga fedha namna hiyo hiyo, japo haikusudii.

Hesabu ya maziwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kuwa mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Ushauri huo una faida ya afya, na una faida ya mfuko pia.

Mama anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya nishati inayokadiriwa kuwa kalori 500 kwa siku. Hicho ni kiasi cha mlo mmoja mdogo wa ziada: bakuli la uji uliotiwa karanga, pamoja na yai na ndizi, au sahani ya maharage na kipande cha muhogo. Dagaa, mchicha, matembele, kunde, samaki wa bei nafuu na matunda ya msimu vinatosha kumjenga. Supu ya kuku si lazima iwe kila siku, lakini mlo huo wa ziada hauna budi uwepo kila siku.

Tulinganishe na maziwa ya kopo. Mtoto wa miezi 3 asiyenyonya kabisa huhitaji kiasi cha mililita 800 hivi kwa siku. Kwa kipimo cha kawaida cha uchanganyaji, kopo la gramu 400 haliwezi kumfikisha siku 4. Hayo ni makopo yapatayo 8 kwa mwezi, mbali ya mkaa au gesi ya kuchemshia maji na vyombo. Msomaji na azidishe idadi hiyo kwa bei ya duka la mtaani kwake, kisha aweke pembeni gharama ya uji, yai na ndizi ya mama. Tofauti ataiona mwenyewe.

Hatari kubwa zaidi hutokea pale fedha inapopungua katikati ya mwezi. Mzazi huanza kupunguza unga na kuongeza maji ili kopo lifike siku ya mshahara. Mtoto atashiba maji, lakini mwili wake utadhoofika, na gharama ya kumtibu itakuwa kubwa kuliko ile iliyokimbiwa.

Hatusemi hayo ili kumlaumu mama ambaye ana dharura ya kweli. Wapo wanaougua, na wapo watoto waliofiwa na mama zao. Sheria yetu imeliona hilo, kwani Qur'an imeruhusu mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine, na Mtume wetu (S.A.W) mwenyewe alilelewa na Bibi Halima Saadia. Ikumbukwe tu kwamba kunyonyesha huko huleta undugu unaozuia ndoa, hivyo ni wajibu kuweka kumbukumbu. Kwa wenye dharura, ushauri wa mganga wa kliniki uombwe mapema, kabla ya kukimbilia dukani.

Akika isigeuke deni

Siku ya saba huja haraka. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, akika ni sunna iliyotiliwa mkazo na wala si faradhi. Kilicho kamili kwa mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, na kwa wa kike ni mbuzi mmoja. Hata hivyo, asiyeweza wawili akichinja mmoja amepata asili ya sunna. Aliyebanwa siku ya saba anaweza kungoja siku ya 14, ya 21, au hata baadaye mtoto akiwa hajabaleghe. Na asiyeweza kabisa hana dhambi.

Ilivyo sasa, akika katika miji yetu imeongezewa mambo mengi: maturubai, viti vya kukodi, sare za akina mama, pilau la watu mia na vipaza sauti. Baada ya hapo yaja maulidi ya arobaini, nayo huhitaji kitambaa kipya na mapambo. Tukimuuliza baba amezipata wapi fedha, atatujibu kuwa amechukua mkopo, na mara nyingine ni ule ambao watu wameupa jina la kausha damu, unaorejeshwa kwa riba nzito kila siku au kila wiki.

Waislamu tunajua uzito wa riba kama ulivyobainishwa mwishoni mwa Surat Al-Baqara. Inakuwaje sunna itekelezwe kwa kuingia katika haramu? Tena rejesho la mkopo huo litatoka wapi ikiwa si katika fedha ya matumizi ya kila siku, yaani kwenye sahani ile ile ya mama anayenyonyesha? Wageni wanaondoka saa 10 jioni na kusahau, lakini mama na mtoto watailipa pilau hiyo kwa miezi kadhaa.

Akika iliyo sahihi yaweza kufanyika kwa mbuzi mmoja asiye na kasoro, nyama ikapikwa nyumbani na kugawiwa jamaa, majirani na masikini, na mama mzazi akawekewa supu yake. Nywele za mtoto zinyolewe, na uzito wake utolewe sadaka kwa thamani ya fedha, kama ilivyopokewa kuwa Bibi Fatma (R.A) alielekezwa kwa mwanawe. Nywele za kichanga ni gramu chache tu, basi sadaka hiyo haimshindi mtu wa kawaida.

Nepi, nguo na vifaa

Mtoto mchanga hufikia mara mbili ya uzito wake wa kuzaliwa akiwa na umri wa miezi 5 hivi, na mara tatu anapokaribia mwaka. Hii ina maana kuwa nguo inayomwenea leo haitamwenea baada ya wiki chache. Kununua makabati ya nguo mpya za kichanga ni kununua vitu vya kugawa. Nguo za kaka zake, za binamu zake, au za mtumba zilizochemshwa na kupigwa pasi, zinamstiri mtoto vizuri kabisa.

Kuhusu pampasi, tufanye hesabu. Mtoto akitumia 6 kwa siku, kwa mwaka ni 2,190. Akivalishwa nepi za kitambaa mchana, na pampasi moja wakati wa usiku, idadi hushuka hadi 365. Nepi 20 hadi 24 za kitambaa, zikifuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani, hudumu mwaka mzima, na zikitunzwa zitamfaa mdogo wake. Tunatambua kuwa kufua ni kazi, na mahali ambapo maji hununuliwa kwa ndoo kuna gharama yake. Baba anayependekeza nepi za kitambaa ili kuokoa fedha na ajue kuwa naye ana mikono. Bibi Aisha (R.A) alipoulizwa habari za Mtume (S.A.W) nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Beseni la nepi halimpunguzii mwanamume heshima.

Yasiyostahili kubanwa

Yapo matumizi mengine ambayo mzazi hatakiwi kuyapunguza, na mojawapo ni nauli ya kliniki. Chanjo za watoto hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, Tanzania na Kenya. Mtoto huanza na chanjo za kifua kikuu na polio anapozaliwa, hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubella, ambayo hurudiwa akifikisha miezi 18. Safari hizo zinajulikana tarehe zake tangu siku ya kuzaliwa, hivyo nauli yake iwekwe mapema katika bahasha. Wazazi waulizie pia chandarua wanapokuwa kliniki, kwani malaria ikiingia nyumbani hula fedha ya wiki nyingi.

Jingine ni haki za mwajiriwa, ambazo wengi huziacha kwa kutozijua. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba naye ana siku zisizopungua 3 zenye malipo. Mama akirudi kazini na bado ananyonyesha, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba, kwa malipo kamili. Ni haki inayoweza kuokoa makopo mengi ya maziwa.

Kwa mama anayejiajiri sokoni hakuna likizo ya sheria. Likizo yake ni ile anayoandaliwa na mumewe na jamaa zake. Anapolazimika kutoka, anaweza kukamua maziwa katika chombo safi chenye mfuniko. Pasipo jokofu, yawekwe mahali pa baridi na kivuli na yatumike ndani ya saa chache. Mtoto anyweshwe kwa kikombe na kijiko, ambavyo ni rahisi kuosha kuliko chupa.

Chungu kimoja baada ya miezi sita

Mtoto akitimiza miezi 6 anaanzishiwa chakula. Hapo tena matangazo ya biashara huwavuta wazazi kwenye makopo na pakiti, ilhali chakula chake kimo katika chungu cha nyumbani. Ndizi iliyopondwa, viazi vitamu, maharage yaliyochujwa, kiini cha yai, unga wa dagaa waliosafishwa, papai na parachichi ni vyakula kamili. Kati ya miezi 6 na 8 hulishwa mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4, huku akiendelea kunyonya. Mama apakue sehemu ya mtoto kabla chumvi na pilipili havijatiwa. Gharama hapa ni muda na usafi zaidi kuliko fedha.

Ramadhani ya mwaka wa kwanza

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Kwa sababu hiyo mtoto hatimizi mwaka kabla ya kukutana na Ramadhani na sikukuu zetu mbili, na bajeti ya Muislamu haina budi kulizingatia hilo.

Mama anayenyonyesha, akihofia afya yake au ya mtoto, ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, aliyehofia nafsi yake hulipa funga peke yake. Aliyehofia mtoto tu hulipa funga, na kwa kila siku hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa masikini. Akiacha siku 30, hivyo ni vibaba 30, sawa na pishi 7 na nusu, kwa kuwa pishi ni vibaba 4. Kinaweza kuwekwa akiba kidogo kidogo, na mume akimtolea mkewe kwa ridhaa yake amefanya wema. Mwenye hali ya kutatanisha na amwone sheikh wake.

Kadhalika, mtoto aliyezaliwa kabla jua la mwisho wa Ramadhani halijazama hutolewa na baba yake Zakatul Fitri, pishi moja, yaani takriban kilo 2 na nusu za chakula. Hilo litangulie nguo ya Idi ya kichanga, ambaye hata hajui kuwa ni Idi.

Walioachana wasimsahau mtoto

Kuna watoto ambao mwaka wao wa kwanza unawakuta wazazi wameshaachana. Hawa ndio wanaoumia zaidi. Baba huona kuwa, kwa kuwa talaka imepita na eda imekwisha, hana tena jukumu. Surat At-Talaq, aya ya 6, inamkatalia: mama aliyeachwa akimnyonyesha mtoto, anastahiki kulipwa ujira wake, na wazazi wametakiwa kushauriana kwa wema. Hasira ya baba kwa mama isimfikie mtoto kupitia ziwa.

Baba asipotekeleza, mama asinyamaze kwa aibu. Jamaa na imamu wa msikiti wahusishwe mwanzo. Ikishindikana, Zanzibar na Kenya ipo Mahakama ya Kadhi, na kwa Tanzania Bara maofisa wa ustawi wa jamii husikiliza mashauri ya matunzo kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtume (S.A.W) ametutahadharisha, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kuwa kuwapoteza wale unaowajibika kuwalisha ni dhambi inayomtosha mtu.

Kikao cha mume na mke

Tumeitaja aya ya 233 ya Al-Baqara. Katika aya hiyo hiyo imeelezwa kuwa hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kufanyike kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wote wawili. Ikiwa jambo la ziwa linahitaji mashauriano, fedha inayolilisha ziwa hilo inahitaji mashauriano pia. Basi tunawashauri wanandoa wakae pamoja mara moja kwa mwezi, wazitaje fedha zilizopo bila kufichana, na wazigawe kwa utaratibu ufuatao:

Kwanza, chakula cha mama, pamoja na ule mlo wa ziada.

Pili, kodi ya nyumba, maji na nishati ya kupikia.

Tatu, afya: nauli ya kliniki na akiba ya dharura.

Nne, usafi wa mtoto: sabuni, nepi na mafuta.

Tano, akika, nguo na mengineyo, kwa kadiri ya kilichobaki.

Maandalizi yaanze mimba inapojulikana. Tangu mwezi wa pili wa mimba hadi kujifungua zipo wiki 30 hivi. Anayeweza kuweka shilingi 5,000 kila wiki atakuwa na shilingi 150,000 siku ya uchungu, na anayeweza 2,000 atakuwa na 60,000 bila kudaiwa na mtu. Mwanamke aliye katika upatu aombe mapema zamu yake iangukie mwezi wa kujifungua. Na ikiwa mke anachangia kutoka katika mali yake, mume atambue kuwa hiyo ni hisani. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, aliambiwa na Mtume (S.A.W) kuwa katika kuitumia mali yake kwa mumewe na mayatima alio nao ana ujira mara mbili, wa jamaa na wa sadaka.

Mwisho tunawageukia jamaa, wakwe na majirani. Desturi yetu ya kwenda kumtazama mzazi ni njema. Lakini mzazi huyo hupokea doti za kanga na sabuni za kunukia hadi zikajaa sandukuni, huku jikoni hakuna maharage. Anayekwenda kumtazama mzazi wiki hii na abebe kilo ya choroko, trei ya mayai, au jogoo mmoja. Au na aingie jikoni, ampikie uji wa pilipili manga, na kabla ya kuondoka afue beseni moja la nepi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu, awape mama zao siha na baba zao riziki ya halali, na atujaalie kutoa bila ubakhili wala israfu. Amin. Wabillahi tawfiq.